Nianze uwakala wa kubeti kwa mkopo wa kikoba cha mama?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Kihonda hapa Morogoro. Nina diploma ya teknolojia ya habari, lakini ajira ya kueleweka sijapata. Natengenezea watu tovuti, za shule binafsi, za hoteli ndogo ndogo, na nikipata laki tatu kwa kazi moja nashukuru Mungu. Upande wa pili mimi ni mtu wa mpira. Nina chaneli ya Telegram yenye watu kama elfu tatu na magrupu mawili ya WhatsApp, na kila siku ya mechi naweka mkeka wangu, yaani orodha ya mechi ninazobetia kwa pamoja. Sijawahi kumtoza mtu hata shilingi, wala sijawahi kuuza "mechi za fixed" kama wale matapeli. Watu wananipendea hilo. Wengi ni Watanzania, ila kuna Wakenya wa kutosha na Waganda wachache.

Mwezi uliopita jamaa mmoja alinifuata Telegram. Akajitambulisha kuwa ni meneja wa mawakala wa kampuni ya nje ya kubeti na kasino za mtandaoni. Ananipa linki yangu na promokodi yenye jina la chaneli. Kila atakayejisajili kupitia hapo anahesabika mtu wangu maisha yake yote, na mimi nakula asilimia 40. Nisipotaka asilimia, wananilipa dola 15 kwa kila kichwa kinachoweka pesa mara ya kwanza. Amenitumia skrinishoti ya jamaa wa Nairobi aliyelipwa dola 2,300 kwa mwezi mmoja. Anataka nisukume zaidi kindege, ule mchezo wa kasino wa ndege inayopanda na dau likizidishwa mpaka ianguke, kuliko mpira, anasema ndiko kwenye hela, na atanipa akaunti yenye salio la kuonyeshea watu. Ameomba pia namba za simu za wanagrupu ili timu yake "iwakaribishe" yenyewe. Kuhusu leseni, anasema wana ya Curaçao, kisiwa cha huko Karibiani, na inatosha dunia nzima.

Huyohuyo akanikutanisha na mtu anayeuza tovuti zilizo tayari kwa kazi hii, kurasa mia mbili, uchambuzi wa kasino umeshaandikwa, pamoja na mafunzo ya wiki mbili. Bei ni 1,800,000, nikilipa kabla ya mwisho wa mwezi ni 1,400,000.

Pesa hiyo sina. Mama yupo kwenye kikoba na amekubali kunikopea kwa jina lake. Nimemwambia ni biashara ya matangazo mtandaoni. Sikudanganya, ila sikusema matangazo ya nini. Mama ni mtu wa swala tano.

Sasa naomba unishauri: nichukue asilimia au dola za kichwa? Ninunue hiyo tovuti au nijitengenezee? Na sheria inanihusu kweli, wakati mimi sichezeshi kamari, natangaza tu? Halafu mama nimweleweshe vipi?

Jambo la pembeni tu, nalitaja usije ukalisikia kwingine: shemeji yangu, mume wa dada, ni dereva wa bodaboda na yupo kwenye grupu langu. Amechana mikeka hadi kauza simu. Sasa dada ananinunia kana kwamba mimi ndiye niliyemtuma.

Kijana wa Kihonda

*

Marahaba mwanangu.

Umeuliza maswali manne, na la tano umelifungia kwenye habari ya shemeji. Nitafika huko. Naanza na asilimia, maana humo ndimo mengine yote yalimo.

Asilimia 40 ya nini? Meneja hakukwambia na wewe hukumuuliza. Vijana wengi wanaoniandikia hudhani ni asilimia ya pesa ambazo watu wao wanaweka. Soma mkataba, utakuta maneno "mapato halisi". Maana yake ni dau zote zilizowekwa na watu wako, toa ushindi waliolipwa, toa bonasi walizopewa, toa kodi, toa ada za miamala ya simu, na mara nyingi toa "gharama za uendeshaji" ambazo kampuni inajipangia yenyewe. Kilichobaki ndicho unachogawiwa.

Tuweke namba, za mfano. Watu wako ishirini kwa mwezi wamebeti jumla ya shilingi 4,000,000. Wamerudishiwa ushindi wa 3,400,000. Kampuni imebaki na 600,000. Toa bonasi 150,000, toa kodi na ada na hizo gharama 200,000. Zinabaki 250,000, na asilimia 40 yake ni laki moja. Wewe huenda kichwani ulishapiga asilimia 40 ya milioni nne ukapata milioni moja na laki sita, ukaanza kuangalia bei za pikipiki.

Mwezi unaofuata mtu mmoja wa kwako anaweka jero kwenye mkeka wa mechi kumi na tano, unatiki, anakula milioni mbili. Grupu zima linakupongeza. Kwenye ukurasa wako wa uwakala panaandikwa hasi 1,400,000. Hapo tafuta kipengele kinachosema deni linahamia mwezi ujao. Kikiwepo, kwa mwendo wetu wa 250,000 kwa mwezi utakaa karibu miezi sita bila kulipwa hata senti, huku unapandisha mikeka kila siku. Zipo kampuni zinazofuta hasi kila tarehe mosi na kukuanzisha na sifuri, na zipo zinazokuachia mzigo mpaka uuvue mwenyewe. Hilo ni swali la kwanza la kumuuliza meneja yeyote, na akianza kuzungukazunguka jibu unalo.

Sasa nataka uuangalie mkeka wako wenyewe. Chukua mechi ambayo timu zote mbili zina nafasi sawa. Odi ya haki, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, ni 2.00. Kampuni inakupa 1.90 hivi, yaani katika kila shilingi 100 imeshajikatia 5. Mechi moja huoni uchungu. Unganisha kumi, na makato yanazidishwa kila hatua: wastani wa kinachorudi kwa mchezaji ni shilingi 60 kwa kila 100. Unganisha kumi na tano, inabaki kama 46. Ndiyo maana kampuni zinatoa bonasi kubwa zaidi kadiri unavyoongeza timu. Hawajakosea hesabu.

Leo ukiwawekea watu mkeka wa timu kumi na tano ukachanika, mmeumia pamoja, wewe na wao. Kesho ukishika linki ya asilimia 40, mkeka huohuo ukichanika wameumia wao na wewe umelipwa. Nakuamini unaposema hujawahi kumtapeli mtu. Lakini mkataba huu unakulipa zaidi pale unapowapa ushauri mbaya, na hautakuuliza kama ulikusudia.

Dola 15 za kichwa ni safi kidogo upande huo. Unalipwa mara moja, na kama mtu huyo baadaye anashinda au anapoteza hakuna kinachoingia mfukoni mwako. Ningelazimishwa kuchagua, ningechagua hiyo. Ila soma masharti: mara nyingi kichwa hakihesabiki mpaka aweke kima fulani cha chini, abeti mara kadhaa, na kampuni iridhike kwamba ni "mchezaji wa kweli". Aliyeweka buku mbili, akacheza, akaondoka, hahesabiki. Na anayeamua nani ni wa kweli ni kampuni hiyohiyo inayotakiwa kukulipa.

Hayo maneno "maisha yake yote" nayo yapunguze. Maana yake ni mpaka kampuni ibadili masharti, na mikataba mingi ya namna hii ina mstari unaoruhusu kampuni kuyabadili wakati wowote kwa barua pepe moja. Mwaka 2017 Sky Bet ya Uingereza, kampuni kubwa kabisa, iliufunga mpango wake wote wa mawakala. Kule msimamizi wa kamari huibana kampuni yenye leseni kwa anachokitenda wakala wake, wakaona hatari haiwalipi. Nchi jirani tuna mfano wa karibu zaidi. Julai 2019 Kenya ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27, SportPesa ikiwemo, na Safaricom ikaamriwa kufunga namba za malipo. Mwenye tovuti iliyokuwa ikipeleka wateja huko aliamka na linki zisizofika popote.

Nije kwenye tovuti ya milioni moja na laki nne. Usiinunue. Wewe ni fundi wa tovuti mwanangu, hebu fanya anachofanya fundi: chukua sentensi moja ndefu kutoka ukurasa wowote wa hiyo "iliyo tayari", iweke kwenye alama za kunukuu, itafute Google. Nina hakika utaikuta kwenye tovuti nyingine nyingi, zilizonunuliwa na vijana wengine. Kurasa mia mbili za uchambuzi wa kasino ambazo mwandishi wake hajawahi kuzifungua, zimetafsiriwa na mashine, "mchezaji anaweza kufurahia mizunguko ya bure". Google wanazichuja kurasa za namna hiyo kila mwaka kwa ukali zaidi. Kuanzia 2024 wamezibana hata tovuti kubwa za habari zilizokuwa zikikodisha sehemu ya anuani yao kwa watu wa kasino ili wapandie jina. Kama gazeti la miaka mia linashushwa, kijana mwenye anuani ya wiki mbili atasimamia wapi?

Na kwa Kiingereza unagombana na kina nani? Better Collective walianza Denmark mwaka 2004, leo ni kampuni ya soko la hisa na kazi yao ndiyo hiyo, kupeleka wachezaji kwa kampuni za kubeti. Wana waandishi, wana wanasheria. Nafasi yako kama ipo ni kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili watu hawatafuti uchambuzi wa kasino. Wanatafuta "mikeka ya leo ya uhakika". Ukiandika ukurasa wenye kichwa hicho utapata watembeleaji, sikatai. Utakuwa umewaahidi uhakika ambao haupo.

Matangazo ya kulipia nayo usiyategemee. Google hawapokei tangazo la kamari bila cheti chao cha nchi husika, Meta, wenye Facebook na Instagram, wanataka kibali cha maandishi kwanza, na YouTube tangu Machi 2025 hairuhusu kuelekeza watazamaji kwenye tovuti za kamari ambazo Google haijazithibitisha, iwe kwa linki, kwa nembo au kwa kutaja tu mdomoni. Ukipandisha video yako ya kindege yenye promokodi, chaneli inaweza kuondoka na kila kilichomo.

Kindege chenyewe, kwa kuwa umekitaja. Hiyo akaunti "yenye salio la kuonyeshea watu" ni pesa za uongo. Unabonyeza, unapanda hadi mara hamsini, unatoa, kijana anayekuangalia kule Kilombero anadhani umeshinda kwa pesa yako. Huo ni utapeli, na atakayeonekana usoni ni wewe, meneja hana sura. Wakikuletea na programu ya "kutabiri" kindege kitaanguka wapi, fahamu kwamba matokeo yanatoka kwenye mfumo wa namba za bahati nasibu na hakuna programu ya simu inayoyaona kabla. Anayeuza hiyo anauza hewa.

Namba za simu usimpe. Si za kwako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na ipo Tume inayoisimamia. Watu waliingia grupu lako kuongea mpira, hawakukubali namba zao ziende kwa mtu asiyejulikana ofisi iko wapi. Ombi hilo peke yake lingenitosha mimi kumfunga huyo meneja.

Umeuliza kama sheria inakuhusu. Inakuhusu. Hapa kwetu kamari inaongozwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, na mwenye kutoa leseni ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Leseni ya Curaçao inairuhusu kampuni mbele ya Curaçao. Haiifanyi halali Morogoro. Ukitangaza kampuni ambayo Bodi haiitambui, unawapeleka Watanzania kwa mtu ambaye akigoma kuwalipa hakuna dawati la kwenda kulalamika, na wao watakuja kwako kwa sababu jina kwenye promokodi ni lako. Kabla ya kukubali kampuni yoyote, ulizia Bodi kama ina leseni ya hapa, tena kwa jina kamili la kampuni lililosajiliwa, maana jina la biashara hubandikwa popote. Waulize na wanataka nini kwenye matangazo, upate jibu kwa maandishi. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, waulize kama tovuti yako inaangukia kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizoanza 2018 na kurekebishwa zaidi ya mara moja. Na TRA wana haki yao, kamisheni ni mapato hata ikija kwa dola au kwa sarafu za mtandaoni.

Wakenya wako ni kesi nyingine. Mwishoni mwa Aprili 2025 bodi yao ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku thelathini, na mwongozo uliofuata ukawakataza watu maarufu na watengeneza maudhui kuipigia debe kamari. Agosti mwaka huohuo ikasainiwa sheria mpya kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Yule jamaa wa Nairobi wa dola 2,300, kama yupo kweli, anafanya leo kazi ambayo serikali yake imeikataza. Na hata alipokuwa huru, sheria ya fedha ya Kenya ya 2023 inataja kamisheni za linki waziwazi miongoni mwa mapato ya maudhui ya mtandaoni yanayokatwa asilimia 5 kwa mkazi. Skrinishoti haikuonyesha hayo. Waganda wako nao, kule umri wa kubeti ni miaka 25, wakati hapa na Kenya ni 18. Kijana wa Jinja wa miaka ishirini na mbili akibonyeza linki yako, umemtangazia mtu ambaye kwao haruhusiwi.

Nikuulize na wewe kimoja: katika hao elfu tatu, wangapi wako kidato cha nne? Hujui, na mimi sijui, ila wote wawili tunaujua mtindo wa maswali yanayoingia saa nane mchana shule zikitoka.

Sasa mama. Mimi si sheikh, na sitakufundisha Al-Maida aya ya 90 mtu uliyekulia kwenye nyumba ya swala tano. Suala la uhalali wa pesa hii muulize mwalimu wako wa dini, maana unaweza kuwa na hoja zako za "mimi natangaza tu", naye atakuwa na majibu. Langu mimi ni la mkopo. Mama anakopa kwa jina lake, mbele ya wanawake wenzake anaokaa nao kila wiki na kuandikwa kwenye daftari. Marejesho yanaanza mwezi ujao, na kamisheni, kama ulivyoona kwenye hesabu, inaweza kukaa nusu mwaka haijafika. Siku atakapokosa rejesho na wenzake wakauliza pesa ilikwenda wapi, atajibu "matangazo", na wa pili yake, ambaye mwanawe yupo kwenye grupu lako, atamwambia matangazo ya nini. Usimuachie mama yako ausikie ukweli huo ndani ya kikao cha kikoba.

Kwa hiyo nenda kamwambie leo kabla hajapeleka ombi. Usimweleweshe, mweleze. "Mama, ni kampuni za kubeti, nitalipwa kwa watu wanaopoteza, nilikuficha kwa sababu najua utakataa." Akikataa, umeokoa mkopo. Akikubali, bado nakwambia usiuchukue, kwa sababu kitu pekee ulichotaka kununua kwa pesa hiyo ni tovuti mbovu. Kuanzisha tovuti kwa fundi kama wewe ni gharama ya anuani, nafasi ya kuhifadhia na bando. Laki tatu ya kazi moja ya shule inamaliza.

Shemeji je? Umesema ni la pembeni. Mwanangu, chukua mkataba wa asilimia 40, mweke shemeji ndani yake. Mume wa dada yako angekuwa mmoja wa wale ishirini wa mfano wangu, na ile simu aliyouza sehemu yake ingekuja kwako kama kamisheni. Dada hajakosea sana kununa. Hukumtuma, lakini mkeka aliuona kwako, kila siku, bure, kutoka kwa mtu anayemwamini. Nenda kwake, usiende kujitetea. Mtoe shemeji kwenye grupu kwa kuongea naye kiume, mwambie kampuni yenye leseni akiiomba imfungie akaunti kwa muda itamfungia, na kama hesabu ya pikipiki inafika kwa mwenye pikipiki kila jioni wakubaliane yeye na dada pesa ishikwe na nani. Wanaume huona aibu hapo. Msaidie aibu hiyo isimzuie.

Ungeniuliza ningefanyaje mimi nikiwa na umri wako na ujuzi wako, ningeanza na hao watu elfu tatu wanaopenda mpira na kuniamini. Hilo ni soko, na kampuni ya kubeti si mnunuzi pekee. Maduka ya jezi pale Msamvu na mjini yanatafuta wateja haohao. Mechi za madaraja ya chini na mabonanza ya mkoa hayana pa kusomwa ratiba na matokeo, mtu anauliza WhatsApp kama mchezo ulichezwa au uliahirishwa. Tovuti ya mpira wa Morogoro yenye matokeo ya kweli ungeitengeneza wikiendi mbili, ukauza tangazo la duka kwa mwezi, shilingi elfu thelathini, hamsini. Ni ndogo, ndiyo. Lakini zinaingia, na hakuna mwezi wenye hasi. Kazi ya linki zenye kamisheni nayo haikuanzia kwenye kamari: Amazon walifungua mpango wao mwaka 1996 kuuza vitabu. Kampuni za kuhifadhi tovuti zinalipa kamisheni kwa kila mteja, na wewe kila shule unayoitengenezea tovuti inanunua nafasi hiyo mahali. Hiyo pesa umekuwa ukiiacha mezani. Mikumi ipo kwenye barabara yako, na zipo tovuti za safari zinazolipa anayewaletea mtalii.

Na kama baada ya haya yote bado moyo wako uko kwenye kubeti, basi fanya hivi: kampuni yenye leseni ya hapa tu, malipo ya kichwa na si asilimia, hakuna kindege, hakuna salio la uongo, neno "uhakika" lisionekane popote, watu wa nje ya nchi wasipewe linki, na juu kabisa ya chaneli uandike wazi kwamba unalipwa mtu akijisajili kupitia kwako. Wengi watabaki. Wakiondoka, utakuwa umejua walikuwa wanakuamini kwa nini.

Muuza tovuti anayekubana na mwisho wa mwezi mwambie atume anuani tatu za tovuti alizokwisha uza, uzipitie. Akikataa, usimjibu tena. Ule mkataba wa meneja nitumie, futa jina lako na namba zote, nitauchambua kipengele kwa kipengele hapahapa kwenye safu. Ila uwe faili, mwanangu, usinipigie picha kioo cha simu kilichopasuka.